Siku Nilipopeleka Kigango Kizima Nyikani Kuokota Mawe

Naona aibu hata kuanza, na nikisema aibu sisemi ile ya kujikwaa stendi ukainuka ukajipangusa ukaenda zako, nasema ile inayokukuta miaka mingi baadaye, asubuhi, unapiga mswaki, mara unakumbuka, unajisikia unasema "Aaa!" peke yako mbele ya kioo. Mume wangu ameshazoea. Akisikia hiyo "Aaa!" anauliza kutoka chumbani, "Mawe?" nami namjibu, "Mawe."

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati katikati hivi. Nilikuwa nafundisha jiografia sekondari moja mjini Moshi, na tulikuwa tunaishi juu kijijini, upande wa Kirua, kwenye kihamba cha wakwe zangu, migomba huku na kahawa kule. Wakati ule nchi nzima ilikuwa imechangamka kwa biashara, kila mtu ana kibanda, kila mtu anauza mtumba, na habari za madini ndiyo usiseme, watu wanaacha kahawa mtini wanakimbilia Mererani. Mimi homa hiyo sikuwa nayo (naapa, ingawa mama mkwe wangu haamini mpaka leo). Mimi nilipenda mawe tu. Jiwe lenyewe, lilivyokaa, limetoka wapi, limepikwa na moto gani.

Na nikapata wenzangu. Wa kwanza ni Bwana Ramesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, mtu mzima, mkunjufu, ambaye dirishani, pale watu wengine wangeweka maua, yeye amepanga mawe. Wa pili Hamisi, fundi wa kuchomelea vyuma kule Majengo, ambaye akilikamata jiwe la kawaida akalisugua siku tatu unaweza kujitazamia ukichana nywele zako, linang'aa hivyo. Wa tatu Rehema, nesi, anakaa Soweto ya palepale Moshi, ambaye alikiri mwenyewe kwamba alianza kuja kwa ajili ya chai ya mke wa Bwana Ramesh, halafu mawe yakamwingia. Kila Alhamisi jioni tulikutana nyuma ya duka, katikati ya misumari na mabati, tukajiita Kikundi cha Mawe, na hakuna aliyetujua wala kututafuta, tukawa na furaha yetu.

Sasa mwaka ule tukaamua kwenda safari. Siyo ya Marangu kutazama maporomoko, hapana, safari ya kweli ya kuokota mawe, kule nyikani chini ya Himo ukielekea Ziwa Jipe, ambako mvua ikinyesha mara moja watu wanasimulia mwaka mzima. Bwana Ramesh alipaita jangwa. Nikamweleza kwamba kwa jiografia lile si jangwa, ni nyika kavu, akanisikiliza vizuri kabisa akasema, "Sawa Mwalimu. Kwa hiyo jangwani tunatoka saa ngapi?"

Tulipanga safari ile wiki sita. Wiki sita! Kuna watu wameoa kwa maandalizi madogo kuliko yale. Hamisi alitengeneza nyundo ndogo nne, kila moja na jina la mwenyewe kwenye mpini. Rehema akaandika orodha: maji, kofia, dawa ya macho, filimbi ya kuitana mtu akipotea. Mimi nikakusanya magazeti ya zamani ya kufungia mawe yasigongane, na pamba kwa yale madogo. Mke wa Bwana Ramesh akaahidi mikate ya uwatu na achari ya ndimu. Tukachora na ramani. Kila kitu kilikuwa tayari, ila tu pikapu ya Bwana Ramesh ilikuwa na nafasi nyuma, naye hapendi kuona nafasi tupu, akasema, "Tafuteni watu wawili watatu wanaopenda mawe, tufurahi wengi."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nikasema, "Niachieni mimi, nitatangaza kanisani."

Kigangoni kwetu matangazo yalikuwa ya Mzee Aloisi, katekista, mtu mwema sana mwenye sauti ya kuita mbuzi waliovuka mto. Nikampelekea karatasi yangu Jumamosi, nusu ukurasa, nimeeleza vizuri, kikundi cha wapenzi wa mawe, matembezi ya kujifunza, burudani. Akaisoma akakunja uso. "Mwalimu, hili ni refu. Watu wana njaa saa zile. Naomba nilifupishe." Nami nilikuwa na haraka, nina nguo zangu za mtumba za kuanua na mvua inakuja, nikasema, "Fupisha tu, Mzee." Maneno matatu. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye maneno hayo matatu.

Kesho yake, baada ya ibada, Mzee Aloisi akasimama akasoma: "Mwalimu Felista anawaalika wote wenye nguvu, waume kwa wake, kwenda naye nyikani Jumamosi ijayo kukusanya mawe."

Sasa lazima niwaambie kitu. Nje ya kanisa letu kulikuwa na msingi wa zahanati. Watu walikuwa wameujenga kwa msaragambo, kila nyumba inatoa mtu wa kubeba mawe, mpaka msingi ukakamilika, halafu kazi ikalala, misimu miwili ya mvua imepita, majani yanaota ndani, na wajawazito wetu bado wanashuka kwa miguu mpaka barabarani. Kila mtu pale kanisani alikuwa na mgongo wake katika msingi ule. Kwa hiyo waliposikia "kukusanya mawe" nani angefikiria pamba na magazeti? Walipiga vigelegele. Mama mmoja akaimba. Mzee Aloisi mwenyewe (aliyekuwa amesoma karatasi yangu, lakini nadhani aliona maneno aliyotaka kuyaona) akawa anafuta macho.

Nilitoka nje nikiwa nimepanga kabisa kusema, "Jamani, mmenielewa vibaya." Lakini Mama Anjela jirani yangu akaniwahi, mbele ya watu wote, akauliza swali la akili kabisa: "Mwalimu, mawe si yamejaa hapa? Mpaka mgombani yanatuvunjia majembe. Ya nyikani ya nini?"

Watu wakasogea kusikia. Na mimi nikawatazama wale watu, mikono ile, nikafikiria kuwaambia kwamba mwalimu mzima, mama wa watoto wawili, anakwenda jangwani kuokota vijiwe vya kutazama, na nikaona haya. Basi nikasema, kwa ile sauti ya darasani ambayo hata nikitaja bei ya nyanya inasikika kama ni sayansi: "Mawe yetu ya huku ni ya volkano, yana matundu, mepesi. Kwa ukuta wa kudumu, ya kule chini ni imara zaidi."

"Mnaona faida ya kusoma?" akasema mtu nyuma.

Jumatatu nikasikia kwamba Mwalimu amesema mawe ya msingi yana matundu. Jumanne, kwamba Mwalimu amesema msingi utatitia. Jumatano nilikuta dukani watu wanajadili ukuta wa zahanati moja ya huko sijui wapi ulioangukia wagonjwa, na ukuta huo, kadiri nilivyofuatilia, niliuangusha mimi. Alhamisi kamati ya ujenzi ikakaa ikaamua kwamba mawe magumu yakishafika, ule msingi uvunjwe, waanze na upande wa mashariki.

Na msingi ule alikuwa ameujenga Mzee Kiwia.

Mzee Kiwia alikuwa fundi mwashi wa kijiji kizima, sote tulimwita Meku, yaani babu, mtu mfupi, mkimya, aliyejenga nyumba ya baba mkwe wangu, na kanisa, na kisima. Ijumaa asubuhi nikakutana naye njiani naenda kazini. "Shikamoo Meku." "Marahaba." Kwa kawaida angeniuliza watoto hawajambo. Safari hii alipita tu, na nyundo yake mkononi, na nilipogeuka nikamwona anakwenda kwenye ule msingi, anainama, anagonga jiwe, anaweka sikio. Anagonga lingine, anaweka sikio.

Mnaniuliza kwa nini sikusema? Nilikwenda kusema! Alhamisi ile ile jioni, hata kwenye kikundi sikwenda, mume wangu alinifukuza nyumbani kabisa, "Nenda kwa katekista, usirudi kama hujamwambia," nikaenda, na kabla sijakaa Mzee Aloisi akanishika mikono yote miwili. Amepata tipa ya bure kutoka kwa mfanyabiashara wa Himo. "Mwalimu, tangu kazi ile ilale sijaona watu wamechangamka hivi. Mungu akubariki." Mkewe akaleta chai. Nikanywa chai. Nikashukuru. Nikarudi. Mume wangu aliniangalia tu mara moja akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Bwana Ramesh nilipomweleza kesho yake dukani alicheka mpaka akashikilia mizani, kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, mimi ninauza saruji. Ukisema msingi wa mtu mbovu, umesema mtu mbovu. Sema mapema." Nikasema nitawaambia Jumamosi asubuhi kabla hatujaondoka, watu wakiwa wote pamoja.

Jumamosi asubuhi walikuwa wote pamoja kweli. Niliwatarajia ishirini, wakaja karibu sitini. Sururu, mitarimbo, karai, kamba. Akina mama wamekuja na masufuria ya kiburu, ndizi na maharage, yamefungwa kwa majani ya mgomba, na pipa zima la mbege, pombe yetu ya ndizi. Tipa inanguruma. Na pembeni, kwenye pikapu nyeupe, Kikundi cha Mawe: Bwana Ramesh amevaa kaptula na kofia ya ukili, kamera kifuani, Rehema ana filimbi yake, Hamisi ameficha nyundo yake ndogo nyuma ya mgongo kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Nikapanda kwenye jiwe, nikasema, "Ndugu zangu, kabla hatujaondoka," na Mzee Aloisi akasema, "Naam, tusali," akasali kwa muda mrefu, na alipomaliza watu wakapanda tipa wanaimba. Mzee Kiwia alikaa mbele na dereva, hakuimba.

Tulishuka mpaka Himo, tukaiacha lami, vumbi likaanza, na kijani chote kikabaki juu kule mlimani. Chini kulikuwa kweupe kwa jua, miiba, na vilima vya mawe yanayometameta. Jamani, palikuwa pazuri! Wiki sita nilikuwa nimepangia pale, na nilipofika nilikuwa nataka ardhi ipasuke inimeze.

Kazi ikaanza bila kunisubiri. Kabla sijajipanga nimwite nani, Bwana Ramesh, ambaye kwa furaha alikuwa amesahau matatizo yangu yote, akapiga kelele kutoka kilimani, "Mwalimu! Njoo! Jekundu! Jekundu!" Watu wote wakaacha sururu wakakimbilia kule, sitini, wakamkuta mzee wa watu amepiga magoti, kitako juu, anachokoa kijiwe chekundu kikubwa kama punje ya mahindi na kukilaza kwenye pamba.

Mama Anjela akainama akakitazama. "Hili," akasema taratibu, "ndilo la ukuta?"

Kabla sijajibu, Mzee Kiwia akapita katikati ya watu. Alikuwa amebeba jiwe, kubwa, jeusi jeusi lenye kumetameta, ameliokota palepale. Akaliweka chini mbele ya viatu vyangu. Hakuwa na hasira, hilo ndilo baya zaidi. Akasema, "Mwalimu, naomba unifundishe. Mimi sikusoma." Akainua nyundo akaligonga ubavuni mara moja tu, wala si kwa nguvu, na lile jiwe langu imara likafunguka kama kitabu. Akaligonga tena, likatoa ukurasa mwingine. Na mwingine. Akaniangalia. "Ukuta unalibebaje hili?"

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu, kwa picha na kwa maswali ya mtihani, kwamba miamba ya aina ile hupasuka kwa tabaka. Nilikuwa najua.

Nikasema. Sijui nilianzia wapi, nilisema yote kwa pamoja, kwamba hakuna mawe ya ukuta, kwamba tulikuja kuokota vijiwe vya kutazama, kwamba tuna kikundi, tunakutana Alhamisi, tunakunywa chai, kwamba niliona haya kuwaambia nikatunga, kwamba msingi wao hauna kosa lolote na sijawahi hata kuukagua, nikawa nalia na vumbi limenijaa usoni, nadhani nilionekana kama barabara ya mvua. Rehema akanisogelea akasimama karibu nami. Mzee Aloisi akatoa ile karatasi yangu mfukoni (alikuwa nayo siku zote!), akaisoma tena taratibu, midomo ikicheza, halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Burudani. Imeandikwa hapa. Burudani."

"Mimi nimeacha kahawa yangu inaoza!" Mama Anjela akafoka. "Kwa burudani!" Na wengine wakaanza, kila mtu na alichokiacha, na yote yalikuwa haki yao.

Mzee Kiwia akainua mkono. "Ngojeni." Akanigeukia. "Kwa hiyo msingi wangu ni mzima?"

"Ni mzima, Meku."

"Sema kwa nguvu, wapo wa nyuma."

"Msingi ni mzima!" nikapiga kelele nyika nzima ikasikia.

Akavua kofia akajifuta kichwa, akakaa chini juu ya jiwe kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Wiki nzima sijala vizuri." Halafu akachukua kile kipande kilichopasuka, bamba pana, bapa, akalipitishia kiganja, akalipangusa vumbi, akaweka pima maji juu yake. "Ukuta hapana," akasema. "Lakini sakafu. Baraza la mbele, wagonjwa wanapokaa. Haya hayatelezi."

Hapo siku ikageuka. Sijui nieleze vipi. Watu walikuwa wameshafika, tipa ipo, kiburu kipo, na sasa kazi ilikuwa na sababu. Wanaume wakafuata mistari aliyoichora Meku, wakawa wanafungua mawe mabamba mabamba, na watoto wa kike wa kwaya pamoja na mama zao wakajitawanya kilimani na Bwana Ramesh, ambaye alikuwa anawaonyesha jiwe jeupe la kwatzi, anawaambia walielekeze juani. Mchana tulikula chini ya mgunga. Bwana Ramesh alikula kiburu, Mama Anjela akala mikate ya uwatu (bado hasemi nami, ila alirudia mara tatu), na Hamisi, ambaye mbege hanywi, akapewa maji ya kunywa kwenye kata kubwa ya mbege ili asijione mpweke. Tulirudi na tipa imejaa, na karibu kila mama alikuwa na kijiwe amekifunga kwenye pindo la khanga. Mama Anjela vyake vilikuwa vitano. Nilimwona.

Lakini kwa Mzee Kiwia nilijua haijaisha. Jumapili mama mkwe akaniita, akanikatia jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga fundo, akaniambia, "Nenda na mumeo. Usiongee sana." Kwetu Uchaggani ukimpelekea mtu sale umeomba msamaha, na ni vigumu mtu kuukataa. Tukaenda. Nikampa kwa mikono miwili, nimepiga goti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutoa maelezo.

Akalipokea akaliweka juu ya mlango. Kisha akasema, "Twende." Akatupeleka mpaka kwenye msingi wa zahanati, akanipa nyundo. "Gonga." Nikagonga, jiwe likalia kama kengele. "Sasa weka kidole kwenye matundu." Nikaweka. Yalikuwa yamejaa udongo wa saruji, mgumu, umeingia ndani na kushika. "Hayo matundu uliyoyasema," akasema, "ndiyo yanayoshika. Jiwe laini linateleza, haliishiki saruji. Mimi mawe haya niliyachagua moja moja kwa sababu yana matundu."

Nilibaki na kidole changu mle ndani.

Zahanati ilimalizika baadaye, ilichukua muda lakini ilimalizika, na baraza lake la mawe mabamba lipo, halitelezi. Mzee Kiwia alikuja kwenye Kikundi cha Mawe Alhamisi mbili tatu, akanywa chai, akatuambia kati ya mawe yote dirishani ni mangapi yanafaa kujengea (mawili).

Na mimi niliweka nadhiri. Jambo langu likiwa la kuchekesha nalisema hivyo hivyo lilivyo, watu wacheke wamalize, na nisilolijua nasema sijui. Mara ya kwanza kulisema neno hilo darasani, kidato cha tatu kizima kilitazamana, halafu msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono akauliza kwa upole, "Mwalimu, unaumwa?"